Kukisia Wingi wa Spishi za Mimea kwa Picha za Satelaiti: Uzoefu Wangu Usambara Mashariki na Kilwa

Pale Kwamkoro, katika milima ya Usambara Mashariki, shamba la chai na msitu wa asili vimepakana bila uwazi wa maana kati yao. Upande mmoja kuna mmea wa aina moja tu, uliopogolewa ukawa sawasawa kwa urefu wa kiuno. Upande wa pili, hatua chache kuingia ndani, mtu anaweza kukaa asubuhi nzima akiorodhesha miti bila kurudia majina mengi. Picha ya satelaiti ikigeuzwa kuwa ramani ya ukijani, pande zote mbili hutoka na rangi ileile, na chai ikiwa imenyeshewa vizuri na haijapogolewa karibuni huweza hata kuuzidi msitu. Yeyote anayetaka kukisia idadi ya spishi za mimea kwa kutumia satelaiti afadhali asimame kwanza kwenye mpaka kama ule kabla hajafungua kompyuta, kwani karibu maswali yote yatakayomsumbua baadaye yako pale.

Mimi niliingia katika kazi hii nikitokea msituni. Nilizoea ploti za mita 20 kwa 50, utepe wa kupimia kipenyo cha mti kwenye usawa wa kifua, magazeti ya kukaushia vielelezo, na daftari ambalo halikauki tangu Machi hadi Mei. Mradi ulioniajiri ulitaka ramani ya wingi wa spishi kwa msitu mzima, na kila aliyewahi kupanda miteremko ya Amani, humohumo Usambara Mashariki, akiwa na kamba begani anajua kwamba ploti haziwezi kuenea kila mahali. Wakati huohuo satelaiti mbili za Sentinel-2, ya kwanza iliyorushwa mwaka 2015 na ya pili mwaka 2017, zilikuwa zikipita juu ya mahali palepale kila baada ya siku 5, kwa pikseli ya mita 10, na picha zake hazilipiwi. Hifadhi ya picha za satelaiti za Landsat nayo ilikuwa imefunguliwa bure tangu mwaka 2008. Kwa hiyo wazo lilijileta lenyewe: tupime spishi kwenye ploti chache, tutafute uhusiano wake na ukijani unaoonekana kutoka angani, kisha uhusiano huo utumike kujaza mahali ambapo miguu yetu haikufika.

Fahirisi ya uoto inayotumika zaidi, NDVI, ni hesabu nyepesi. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu kwa ajili ya usanisinuru, na hurudisha sehemu kubwa ya miale ya infraredi ya karibu, ambayo macho yetu hayaioni, kutokana na jinsi seli na nafasi za hewa zilivyopangwa ndani ya jani. Ukichukua infraredi ukatoa nyekundu, kisha ukagawanya kwa jumla ya hizo mbili, unapata namba iliyo kati ya −1 na +1. Udongo mtupu unaorudisha asilimia 20 ya mwanga mwekundu na asilimia 30 ya infraredi hupata 0.2, uoto mzito unaorudisha asilimia 4 na asilimia 40 hupata takriban 0.82. Katika hesabu hiyo hakuna mahali ambapo spishi imetajwa. Kinachopimwa ni wingi wa majani na uhai wake, na anayedai kusoma humo idadi ya spishi anadai kwamba mambo hayo mawili huenda pamoja. Dai hilo ndilo la kuthibitishwa katika kila eneo jipya, na kulithibitisha Tanga, iliko Usambara, hakumpi mtu ruhusa ya kulitumia Lindi, iliko Kilwa.

Dai lenyewe halikutoka hewani. Mwaka 1983 mwanaikolojia David Wright alieleza kwamba mahali penye nishati nyingi inayopatikana kwa viumbe huwa na uwezo wa kubeba spishi nyingi zaidi, na ukijani unaoonekana kutoka angani ni njia mojawapo ya kuikaribia nishati hiyo. Kwa eneo pana lenye tofauti kubwa za mvua, hoja hii ina nguvu: mtu anayetoka kwenye nyika kavu akapanda hadi kwenye msitu wa milimani huona ukijani na idadi ya spishi vikipanda pamoja. Lakini ndani ya msitu wenyewe, ambako mvua si tatizo na kila mahali pamefunikwa, uhusiano huo hulegea kiasi kwamba ukiuchora kwenye karatasi unaona nukta zimekusanyika kwenye kona moja ya juu na hazielekei popote.

Sehemu ya sababu iko kwenye hesabu. NDVI hujaa. Mwanga mwekundu ukishashuka hadi asilimia 3, majani yakiongezeka hakuna kikubwa kinachoweza kupungua tena. Tuseme infraredi inapanda kutoka asilimia 35 hadi asilimia 45, jambo ambalo si dogo kwa uoto: NDVI itasogea kutoka 0.84 hadi 0.88 tu. Fahirisi nyingine, EVI, ambayo huingiza pia mwanga wa bluu ili kupunguza athari za hewa, kwa mabadiliko hayohayo na mwanga wa bluu wa asilimia 2 itatoka 0.58 hadi 0.71. Ndiyo maana katika misitu ya Usambara nilikuja kuitegemea EVI zaidi, na NDVI nikaiachia maeneo makavu. Hata hivyo EVI ina udhaifu wake milimani. NDVI, kwa kuwa ni uwiano, hupunguza sehemu ya kivuli cha mteremko. EVI haifanyi hivyo vizuri, na satelaiti hizi hupita asubuhi, yapata saa nne na nusu, wakati miteremko inayotazama magharibi bado haijapata jua la kutosha. Tusiporekebisha kivuli hicho kwa kutumia ramani ya miinuko, tunaweza kutangaza kwamba upande mmoja wa mlima una spishi chache, kumbe una asubuhi iliyochelewa.

Chini, kazi ilikwenda kwa mwendo wake. Tuliongozana na mzee mmoja wa Kisambaa ambaye hakuwa na cheti cha mimea, lakini alikuwa akikata gome kidogo kwa panga, ananusa, anatazama rangi ya utomvu, kisha anataja jina. Cephalosphaera usambarensis, mti wa jamii ya kungumanga, hujitambulisha kwa utomvu mwekundu. Msambu, yaani Allanblackia stuhlmannii, una njia yake, na mnyasa, Newtonia buchananii, hutambulika kwa mbali kwa mizizi yake mipana inayosimama ubavuni mwa shina. Alipokuwa na shaka alisema waziwazi kwamba ana shaka, na hapo kielelezo kilichukuliwa, kikabanwa kwenye magazeti na kupelekwa kulinganishwa na vielelezo vilivyohifadhiwa. Nasisitiza hili kwa sababu katika mijadala ya satelaiti watu hugombana sana kuhusu fahirisi na hupita kimyakimya kwenye orodha ya spishi, kana kwamba orodha ni kitu kilichoshuka kikiwa kimekamilika. Spishi mbili zikiitwa jina moja kwenye nusu ya ploti, hakuna hesabu ya baadaye itakayozitenganisha.

Siku moja nilimwonyesha mzee huyo ramani kwenye simu, nikamwelekeza mahali palipotoka na kijani kizito kuliko kote. Akatazama kwa muda, akauliza ni upande gani wa kijito, kisha akasema, "Hapo mwanangu palikuwa na iliki. Miti mikubwa waliiacha kwa ajili ya kivuli, chini wakafyeka kote." Tulipofika tukakuta ni kweli. Iliki hupenda kivuli, na mkulima wa iliki huacha miti mikubwa ikasimama huku akiondoa miche, vichaka na miti michanga ya chini, yaani kizazi kizima cha msitu wa baadaye. Satelaiti inayotazama kutoka juu huona vilele vilivyotulia. Katika ploti ile miti yenye kipenyo cha sentimita 10 na zaidi ilikuwa ya aina za kuridhisha, ila tulipohesabu miche ndipo pengo lilipojitokeza, na kwenye picha yoyote tuliyoifungua, ya mwezi wowote, halikuwapo. Tangu hapo kila nilipotumwa mahali papya niliuliza kwanza historia ya matumizi ya ardhi kwa watu wa pale, na niliiingiza kwenye jedwali kama safu inayojitegemea, sambamba na mvua na mwinuko.

Maesopsis eminii ni mfano wa aina nyingine. Mti huu asili yake ni pande za ziwa Victoria na misitu ya Kongo hadi Afrika Magharibi. Uliletwa Amani, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, na baadaye ukajisambaza wenyewe kwenye mapengo ya msitu, ukisaidiwa na ndege wakubwa kama hondohondo wanaokula matunda yake. Hukua haraka, hufunga pengo haraka, na ukijani wake ukiwa kwenye majani mapya ni mkubwa. Msitu uliokatwa ukavamiwa na Maesopsis unaweza kurudi kwenye kiwango chake cha zamani cha NDVI mapema sana kabla spishi zake hazijarudi, na mtu anayesoma mfululizo wa picha za miaka akaona mstari umepanda anaweza kuandika neno "umerejea" katika ripoti. Kwa mawazo yangu neno hilo lisitumike kabisa kwa ushahidi wa fahirisi pekee.

Njia ya pili, ambayo kwa kweli ilinipa matumaini zaidi, ni kuacha kuangalia wastani wa ukijani na kuangalia utofauti wake. Mwaka 2002 Michael Palmer na wenzake walijenga hoja kwamba mahali ambapo mwanga unaorudi hutofautiana sana kutoka pikseli moja hadi nyingine panaelekea kuwa na mazingira ya namna nyingi, na hivyo spishi nyingi. Duccio Rocchini na wengine wameiendeleza kwa vipimo kama ule wa Rao, unaozingatia pia umbali kati ya thamani zenyewe. Katika msitu wa Usambara hoja hii ina mantiki inayoonekana kwa macho: simama kwenye ukingo wa bonde, tazama vilele vya ng'ambo, utaona kijani cha aina nyingi, kimoja kinaelekea njano, kingine karibu cheusi, kingine kina wekundu wa majani machanga. Chai haina hayo. Kwa kipimo cha utofauti, mpaka wa Kwamkoro ambao NDVI ya wastani ilishindwa kuuona uliweza kutenganishwa.

Shida ni kwamba kipimo hicho hakijui utofauti umetoka wapi. Tulipokitumia kwa eneo lote, mahali palipopata alama za juu kabisa palikuwa ni kandokando ya mashamba: nusu ya dirisha la hesabu, yaani kundi la pikseli jirani zinazolinganishwa pamoja, imeangukia msituni, robo kwenye mihogo, na iliyobaki kwenye paa la bati na njia ya vumbi. Kwa kipimo hicho kijiji ni tajiri kuliko msitu. Ilibidi kwanza tutenge msitu na visivyo msitu, tuondoe ukanda wa pembezoni, tuondoe mawingu na vivuli vyake, na baada ya hapo ndipo utofauti uhesabiwe ndani ya kilichobaki. Kazi hiyo ya kutenga ilichukua muda mrefu kuliko hesabu yenyewe, na haionekani popote kwenye ramani ya mwisho. Kuna pia suala la ukubwa wa pikseli: pikseli ya mita 10 hukaribiana na kilele cha mti mmoja mkubwa, ilhali pikseli ya Landsat ya mita 30 huchanganya miti kadhaa na kuizimisha tofauti tuliyoitafuta. Na chini ya majani mazito kifaa cha GPS kinaweza kukupotosha kwa mita 10 au zaidi, kwa hiyo ploti unayodhani iko ndani ya pikseli fulani inaweza kuwa ya jirani. Tulichukua wastani wa pikseli zinazoizunguka kila ploti, tukakubali kupoteza ukali kidogo.

Kilwa ilinifundisha kusoma kalenda. Misitu ya miombo kule haifanani na Usambara hata kidogo: mninga, mpingo, mkongo na jamii ya miombo yenyewe hupukutisha majani kwa nyakati tofauti, na nyasi hujaa chini. Nilipochukua picha za Machi, mvua ikiwa imekolea, kila kitu kilikuwa kijani na nyasi ndizo zilizosema kwa sauti kubwa kuliko miti. Picha za kiangazi zilieleza zaidi. Mninga huanza kupukutisha mapema, mingine hushikilia majani hadi mwishoni, na mabonde yenye miti isiyopukutisha hubaki kijani katikati ya msitu uliokauka. Mtawanyiko wa ukijani katika miezi ya mwaka, yaani jinsi kila pikseli inavyopanda na kushuka, ulihusiana na orodha zetu za miti vizuri zaidi kuliko picha yoyote moja.

Lakini kiangazi cha Kilwa kina moto. Msitu ukiungua mwezi wa Julai, fahirisi huporomoka bila spishi yoyote kupotea, na palipochomwa mapema, udongo ukiwa bado na unyevu, nyasi huchipua upya na kutoa kijani kinachodanganya. Tulilazimika kuitambua kila alama ya moto na kuziondoa tarehe hizo. Kisha kuna jambo la Septemba na Oktoba ambalo mgeni wa miombo hushangaa kuliona: miti hutoa majani mapya wiki kadhaa kabla ya mvua, na majani hayo hutoka mekundu, ya rangi ya shaba, msitu mzima ukaonekana kana kwamba una ugonjwa. Jani jekundu hurudisha mwanga mwekundu, kwa hiyo NDVI hubaki chini wakati ambapo msitu uko katika kilele cha kuchipua. Ukitumia picha ya wiki hizo bila kujua, unaupima msitu kwa siku yake ya pekee.

Katika kupima kama modeli, yaani hesabu inayokisia spishi kutokana na picha, inafaa, niligundua kwamba swali la jinsi ya kuigawa data lina uzito kuliko fahirisi iliyochaguliwa. Ploti zilizo jirani hufanana, kwa sababu ziko kwenye mteremko uleule, mvua ileile na historia ileile. Ukizichanganya zote kisha ukatoa chache kwa bahati nasibu za kupimia, modeli itaonekana hodari kwa sababu kila ploti ya mtihani ina jirani yake darasani. Tulipotoa bonde zima kwa mkupuo, ili modeli ikisie mahali ambapo haijawahi kupaona, uhusiano ulipungua sana, na hicho ndicho kiwango cha kweli kwa mtu anayetaka kujaza ramani ya mahali asipokwenda. Vilevile tuliweka mwinuko na mvua kwanza, kisha tukauliza fahirisi inaongeza nini juu ya hivyo. Usambara Mashariki hupanda kutoka nyanda za chini hadi karibu mita 1,500, na kupanda huko peke yake hubadilisha spishi na ukijani kwa pamoja. Sehemu ya sifa tuliyoipa satelaiti ilikuwa ya mlima.

Kuna pia mimea ambayo njia hii haitaifikia kamwe. Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalouzwa madirishani Ulaya, lilipelekwa huko na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire aliyelikuta Tanga mwaka 1892. Huku kwao huota kwenye majabali yenye kivuli na unyevu, chini kabisa ya kila kitu. Mimea mingi inayoipa Usambara jina duniani ni ya namna hiyo, ya kivulini. Kwa hiyo katika ripoti zetu tuliacha kuandika "wingi wa spishi za mimea" tukaandika "wingi wa spishi za miti yenye kipenyo cha sentimita 10 na zaidi", na mfadhili mmoja alilalamika kwamba kichwa kimekuwa kirefu. Kikabaki kirefu.

Ramani tuliyoipeleka kwa kamati ya maliasili ya kijiji kule Kilwa haikuwa na namba za spishi kwenye kila pikseli. Ilikuwa na rangi tatu: mahali penye ploti au panapofanana sana na penye ploti, mahali ambapo modeli inakisia bila ushahidi wa karibu, na mahali palipoondolewa kwa sababu ya mashamba, moto wa mara kwa mara au mawingu. Mwenyekiti aliuliza rangi ya pili ina faida gani kwao ikiwa sisi wenyewe hatuna hakika nayo. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo orodha ya safari zijazo. Wajumbe wakainama juu ya ramani, wakaanza kutaja mabonde kwa majina, lipi linapitika baada ya mvua na lipi lina nyuki, na ploti za msimu uliofuata zikapangwa kwanza kwenye mabonde mawili ambayo picha za Agosti ziliyaonyesha yakiwa kijani na ambako hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kubeba utepe.